Picha za Bibi Siyo Takataka!

Wapo watu majuu wanaosaka vitabu vya kale vya safari na picha zilizofifia za akina babu zetu. Usicheke, bwana! Mwingereza Humphrey Winterton alikusanya picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za mwaka 1860 hadi 1960. Mwaka 2002 zikaingia maktaba ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani.

Kutunzwa zimetunzwa. Kasheshe ni hili: kwenye picha za zama zile, mara nyingi Mzungu ana jina, aliyembebea mzigo ni "mpagazi" basi. Nani atamtambua leo?

Sasa hebu chungulia kasha la bibi yako pale nyumbani. Mende wanatafuna picha, wewe macho kwenye simu! Mkalishe bibi, muulize: huyu nani, hapa wapi, mwaka gani? Andika nyuma kwa penseli, taratibu, maana wino hupenya. Tia kwenye bahasha ya karatasi, mbali na jua na unyevu.

Bibi akishaondoka, picha utabaki nayo. Jina je, utalinunua duka gani?