Msamaha Unaokomea Mlangoni



Ipo dhambi isiyopigiwa kelele, kwa kuwa hutendeka polepole, kitandani, nyuma ya pazia la wodi. Mzee wa kiume huteleza uani na kuvunjika nyonga. Tangu saa hiyo haulizwi anaumwa wapi, bali ana kiasi gani mfukoni. Twasema wazi: huo si uzee wala majaliwa ya Mungu. Ni udhalimu.

Mwaka 1993 hospitali za Serikali ya Tanzania zilianza kuwachangisha wagonjwa gharama za matibabu. Miaka kumi baadaye, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo waliotimiza miaka 60. Ahadi ni njema, lakini mara nyingi mno hukomea mlangoni pa chumba cha upasuaji. Kumwona daktari ni bure. Chuma cha kuungia mfupa hununuliwa. Kitanda ni bure. Dawa, na nauli ya kwenda hospitali ya rufaa, ni mzigo wa watoto. Ng'ombe huuzwa, shamba huwekwa rehani, na asiye na cha kuuza hulazwa, mguu ukivutwa kwa uzito wiki baada ya wiki.

Wapo wasemao: fedha za umma ni chache, na mzee amekwisha kuishi. Hesabu yao ni mbaya kama dhamiri yao. Waganga wanafundisha kwamba nyonga iliyovunjika yafaa kufanyiwa upasuaji ndani ya siku mbili. Anayecheleweshwa hupata vidonda vya mgongoni, nimonia na damu kuganda. Naye binti huacha kulima ili amwuguze. Je, huo ndio ubanaji wa matumizi? Gharama haikuondolewa, imetolewa tu kwenye vitabu vya hospitali na kutwishwa maskini.

Wengine hudhani udhaifu wa mifupa ni ugonjwa wa akina mama peke yao. Inakadiriwa duniani kwamba mwanamume mmoja kati ya watano waliopita miaka 50 atavunjika mfupa kwa sababu hiyo. Wanaume huvunjika nyonga mara chache kuliko wanawake, lakini hufa kwa wingi zaidi baada yake. Katika nchi nyingi zilizochunguzwa, wanaokufa kabla ya mwaka kwisha hukaribia theluthi moja. Tumbaku, ulevi na dawa za steroidi za muda mrefu huila mifupa yao kimya kimya, wala hakuna anayewapima.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 tunaipokea kwa shukrani. Lakini tunawauliza watawala: je, chuma cha mzee asiye na kitu kitalipiwa, na kwa wakati? Msamaha usiofika kwenye kisu cha mpasuaji ni maneno matupu.

Nasi waamini tusijifiche nyuma ya Serikali. Amri ya Nne haikuandikwa kwa ajili ya watoto wadogo tu. Kila Jumuiya Ndogondogo iwajue wazee wake, isawazishe njia zao, iwaulize kama wamewahi kuanguka, na iwasindikize hospitalini kudai haki yao. Mikono iliyofyatua matofali ya makanisa yetu haistahili kuozea kitandani kwa kukosa kipande cha chuma.