Mwalimu Asiyejua Kuwasha Moto

Juma lililopita palitokea ubishi ofisini kwetu wakati wa chai. Mwenzangu mmoja, karani wa hesabu, mtu mwenye akili na ulimi mkali, alisema kwamba vijana wanaokwenda nchi za watu kufundisha Kiingereza kwa kujitolea ni watalii tu waliopewa chaki. "Hawapati mshahara," akasema, "basi nani atawauliza kama kazi wamefanya au hawakufanya?" Mimi nilimpinga, walakini chai ilikwisha kabla sijamaliza hoja yangu. Naimalizia hapa, mbele ya wasomaji, mahali asipoweza kunikatiza.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma habari wanazoandika vijana hao wenyewe, hasa wale waliopelekwa Mongolia. Nchi hiyo nimeichagua makusudi. Hapa kwetu tumezoea kumwona mgeni wa namna hiyo, na kwa kuwa tumemzoea twadhani twamjua. Yafaa tumtazame kwa mbali, katika nchi isiyo yetu wala yake.

Mongolia ni kubwa kuliko Kenya mara mbili na nusu na zaidi, lakini watu wake wote ni kama milioni 3 na nusu, yaani hawafikii idadi ya watu waliohesabiwa Nairobi peke yake mwaka 2019. Nusu yao hivi wakaa katika mji mkuu, Ulaanbaatar. Wengi wa waliobaki huishi kwa mifugo: farasi, ng'ombe, ngamia, kondoo na mbuzi, na katika miaka myema idadi ya wanyama hao hupita milioni 60. Wasomaji wetu wa Kajiado na Marsabit wangeona haya watu hao kuwaita wageni.

Shirika la serikali ya Marekani liitwalo Peace Corps, ambalo Rais John F. Kennedy alilianzisha mwaka 1961, lilianza kupeleka watu huko mwaka 1991. Sababu yake ni hii. Kwa miaka mingi Mongolia ilikuwa rafiki mkubwa wa Urusi ya Kisovieti, na lugha ya kigeni iliyofundishwa shuleni ilikuwa Kirusi. Mwaka 1990 utawala wa chama kimoja ulianguka, na baada ya muda mfupi Kiingereza kikawa ndicho kitakwacho. Je, walimu wa Kirusi wafanye nini? Wengi walitakiwa kujifunza Kiingereza upesi ili wakifundishe. Fikirini, wasomaji, mama mwenye miaka 20 katika kazi yake, aliyeheshimika wilaya nzima kwa ufasaha wake, ambaye usiku hukaa na kitabu akijifunza ukurasa mmoja tu mbele ya watoto atakaowafundisha asubuhi. Mtu huyo ndiye mwalimu mgeni anayeletewa awe mwenzake. Na huyo mgeni aweza kuwa na umri wa miaka 22 tu.

Kazi yao ni ya miezi 27. Miezi mitatu ya kwanza ni ya mafunzo: mgeni hukaa na jamaa ya wenyeji, hujifunza lugha na namna ya kusimama mbele ya darasa. Baadaye hupelekwa kituoni kwake kwa miaka miwili. Mshahara hapana, ila posho ya kumwezesha kuishi kama majirani zake waishivyo, na akimaliza hupewa fedha kidogo za kuanzia maisha kwao. Mafunzo hayo huwa wakati wa kiangazi, majani yakiwa mabichi na farasi wamenona. Mgeni huandika barua kwao kwamba nchi ni nzuri mno. Majira ya baridi bado hajayaona.

Mimi niliwahi kufanya kazi Kinangop, nikalalamika kila asubuhi niliyokuta sakitu juu ya majani. Sitalalamika tena. Huko mwezi Januari baridi hushuka nyuzi 30 chini ya kiwango cha kuganda maji, na wakati mwingine zaidi. Baadhi ya vijana hao hupewa vyumba katika nyumba za matofali. Wengine hukaa katika ger, nyumba ya mviringo ya wenyeji iliyojengwa kwa miti na kufunikwa manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa, mlango wake ukielekea kusini na jiko likiwa katikati. Maji huchotwa kisimani na kuvutwa kwa kigari. Choo kiko nje. Na moto ukizimika usiku, maji ya ndoo huganda kabla ya mapambazuko.

Hapo ndipo mwalimu anapogeuka mwanafunzi. Ana shahada ya chuo kikuu, lakini kuwasha jiko hajui. Huchoma karatasi zote za mitihani, moshi hujaa, machozi humtoka, na makaa yabaki meusi vilevile. Kisha mtoto wa jirani, ambaye jana darasani alishindwa kutofautisha "he" na "she", huingia, hupanga vijiti na samadi kavu, na baada ya dakika chache jiko languruma. Nimesoma kisa cha namna hii mara nyingi sana, hata nimeamini kwamba hapo ndipo ualimu wao unapoanza hasa. Mtoto aliyemfundisha mwalimu wake jambo haogopi tena kukosea mbele yake.

Tena kuna adabu. Mgeni akikaribia nyumba ya mtu hapigi mlango, bali hupaza sauti, "Nokhoi khor!", maana yake, "Shikeni mbwa!" Husemwa hata kama mbwa hayupo, kama sisi tusemavyo hodi hata mlango ukiwa wazi. Haifai kukanyaga kizingiti. Chai yao ina maziwa na chumvi, na bakuli hupokewa kwa mkono wa kuume. Usiipoitaka, walau onja. Nyama ya kondoo yenye mafuta mengi ndiyo heshima ya mgeni, nayo haikataliwi, ingawa mgeni awe alikula mboga tu tangu utoto wake.

Na darasani? Nilistaajabu kuona kwamba matatizo ya watoto wa Mongolia ni yetu sisi. Lugha yao, kama Kiswahili, ina neno moja tu kwa mwanamume na mwanamke, basi "my mother, he is cooking" husikika Mongolia kama isikikavyo hapa. Vilevile hawana "a" wala "the", na mwalimu aliyezaliwa na Kiingereza akiulizwa sababu ya kuweka "the" hapa na kuiacha pale, mara nyingi hana jibu. Ajua tu kwamba ndivyo. Yule mama wa Kirusi ndiye mwenye jibu, kwa kuwa yeye alijifunza kanuni kwa jasho. Mgeni ana matamshi na mazungumzo; mwenyeji ana kanuni na awajua watoto. Wakisimama pamoja mbele ya ubao, darasa hufaidika.

Kumjua mtoto si jambo dogo. Wengi wa wanafunzi hao ni watoto wa wafugaji, nao hukaa katika mabweni ya shule kwa kuwa nyumbani ni mbali na huhamahama. Katika majira ya baridi ya 2009 na 2010 nchi ilipatwa na maafa wanayoyaita dzud: theluji na barafu zilifunika malisho, wakafa wanyama zaidi ya milioni 8. Kitabu cha Kiingereza chaweza kumtaka mtoto ahesabu mbuzi wa baba yake. Mgeni, asiyejua, atauliza swali hilo kwa sauti ya furaha. Mwenyeji atafungua ukurasa mwingine.

Sasa nakuja kwenye hoja ya mwenzangu ambayo, lazima nikiri, ina ukweli ndani yake. Nilipokuwa Kidato cha Pili, mimi nami nilifundishwa Kiingereza na kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo. Alikuwa mwalimu mwema. Kwake ndiko nilikojifunza kuandika barua isiyo na maneno ya bure. Lakini shule, ilipompata yeye bila gharama, ilimhamishia mwalimu wetu wa Kiingereza katika masomo mengine. Mgeni alifundisha peke yake, na daftari za maandalio alikuwa nazo mwenyewe. Muda wake ulipokwisha aliondoka, nasi tulikaa mihula miwili bila mtu. Wenzangu kadhaa walianguka katika somo hilo, na mmoja wao, aliyenizidi sana akili, leo angekuwa pengine hakimu. Kijana yule sikumlaumu wala simlaumu. Aliyekosea ni yule aliyeona kitu cha bure akadhani ni cha kudumu.

Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Peace Corps iliwaondoa watu wake wote duniani, zaidi ya 6,900, kutoka nchi zaidi ya 60. Wale wa Mongolia walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuondoka. Shule zilikuwa zimekwisha kufungwa, na wengi hawakupata hata kuwaaga wanafunzi wao. Mahali ambapo mgeni alikuwa akifundisha pamoja na mwenyeji, palibaki mtu anayejua darasa liliishia wapi. Mahali alipofundisha peke yake, yalibaki yale yaliyotupata sisi.

Kwa hiyo, wazazi mlio katika kamati za shule, mkiletewa kijana wa namna hiyo mpokeeni vema, mfundisheni kuwasha jiko, wala msimwachie darasa peke yake hata siku moja. Mwalimu wenu awe ndani, na daftari ziwe mbili.

Mwenzangu wa hesabu nimemsomea haya yote kabla ya kuyapeleka kwa Mhariri. Asema kuhusu daftari mbili amekubali. Kuhusu utalii bado, mpaka amwone mmoja wao kwa macho yake akiwasha jiko la makaa bila mafuta ya taa.