Mwanetu Ameingia Ulingoni

Juma lililopita nilipokea barua ya mama mmoja wa hapa Mombasa ambaye mwanawe anasoma Bungoma, na siku za likizo hukaa kwa ammi yake mwenye duka Kitale. Kijana ameanza ndondi. Mama hakuniuliza hukumu ya mchezo wenyewe. Ameshamwendea shekhe wake, akaelezwa kuwa wanazuoni wengi hawauridhii mchezo ambao lengo lake ni uso wa mwanadamu, na kwamba mieleka haina tatizo hilo. Kijana ameyasikia hayo, na bado anakwenda mazoezini. Linalomkosesha mama usingizi ni jingine: mwanawe amekonda, anakula mara moja kwa siku, na katika simu sauti yake ni ya mtu aliyechoka. Je, ndivyo wanamichezo wanavyoandaliwa?

Sivyo, dada yangu. Lakini tuanze na lililo jema. Kitale iko juu ya bahari kwa takriban mita 1,900, na Bungoma takriban mita 1,400. Mtoto wa pwani akipanda huko hutweta hata kwa kupanda ngazi, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Akivumilia majuma kadhaa, mwili wake huongeza chembe nyekundu za damu, naye hupata pumzi ambayo hakuwa nayo. Hiyo ni neema ya mahali. Hata hivyo, ndondi si mbio ndefu. Pambano la wasiolipwa huwa na raundi tatu za dakika tatu, na mapumziko ya dakika moja baina yake. Kwa hiyo mbio za taratibu za alfajiri hujenga msingi tu. Juu yake huwekwa, mara mbili au tatu kwa juma, kazi kali ya dakika tatu kwenye mfuko wa mazoezi, kisha dakika moja ya kupumua. Kocha mwema hutazama jinsi mapigo ya moyo yanavyoshuka katika dakika hiyo moja. Yasiposhuka, kijana hajawa tayari, hata ngumi zake zikiwa nzito namna gani.

Sasa tuje kwenye kukonda. Nakisia kuwa kijana anaukimbiza uzani mdogo ili akutane na wapinzani wadogo. Hila hii ni kongwe: wengine huvaa sweta mbili na mfuko wa plastiki, wakakimbia juani, wakatema mate, wakaacha kunywa. Kinachopungua hapo si mafuta, ni maji. Damu inapungua wingi wake, moyo unalazimika kwenda mbio, na joto linakosa njia ya kutoka mwilini. Mwaka 1997 huko Marekani wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walifariki katika muda wa majuma machache, wote wakijikamua maji ili wafikie uzani. Baada ya hapo nguo za plastiki na vyumba vya mvuke vilipigwa marufuku katika mashindano ya vyuo vyao. Sioni kwa nini tusubiri msiba wetu wenyewe ndipo tujifunze. Asiyeweza kufikia uzani kwa kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa juma, huku akila mayai, maharagwe, samaki na ugali wake, na apande daraja la juu.

Na tafadhali, saumu isifanywe chombo cha mizani. Mfungaji anayetaka kuendelea na mazoezi mwezi wa Ramadhani ahamishie kazi kali baada ya futari, na mchana aridhike na mazoezi mepesi.

Nije kwenye akili, ambayo kwangu ndiyo nusu kubwa ya jambo hili. Wabukusu wa Bungoma huwatahiri vijana wao mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kijana hupakwa tope la mtoni alfajiri, akasimama mbele ya watu bila kupepesa jicho. Mimi mtu wa pwani nimelitazama jambo hilo kwa heshima. Ni shule ya moyo. Lakini ndani ya ulingo, kimya cha namna hiyo huweza kuua. Aliyepigwa kichwani kisha akaficha maumivu si shujaa, ni mgonjwa asiyejulikana.

Wakenya tunalo jina la kulikumbuka. Robert Wangila, mwenye jina la Kibukusu ingawa alizaliwa Nairobi, alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili. Julai 1994, huko Las Vegas, refa alisimamisha pambano lake na David Gonzales katika raundi ya tisa. Wangila alilalamika, alitaka kuendelea. Akatoka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe, na baadaye akazimia. Alifariki tarehe 24 mwezi huo, akiwa na umri wa miaka 26. Kila nikiisoma habari hiyo nasimama pale alipotoka kwa miguu yake. Damu inayovuja ndani ya fuvu haina haraka ya kujionyesha.

Basi kijana aulizwe: je, kichwa kinauma baada ya mazoezi? Anatapika? Anasahau alichoambiwa asubuhi? Mwanga unamsumbua? Jibu la ndiyo kwa moja tu linatosha kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Aliyeangushwa kwa pigo la kichwa asirudi kupigana kabla ya siku 30, hata akijiona mzima, na hata siku hizo zikiisha, daktari amwone kwanza.

Ammi wa Kitale ana mizani dukani. Ampime kijana kila Ijumaa asubuhi kabla ya kunywa chai, aandike kilo zake katika daftari la duka, na jioni amsomee mama kwa simu. Zikishuka zaidi ya kilo moja kwa juma, kocha apigiwe kabla ya Jumatatu.