Sambaza wa kiangazi: tuwaache wadogo wakue

Kingi iko milimani, Masisi, lakini chungu chake kinategemea pia Ziwa Kivu. Sambaza wanaopandishwa kutoka Sake ndio nyama ya asiye na pesa ya kununua nyama. Wakikosekana, watoto wanakula bugali na sombe tupu. Kwa hiyo kazi ya wavuvi inatuhusu sisi wote.

Kiangazi ni msimu mzuri. Upepo unakoroga maji ya juu ya ziwa, rutuba inapanda kutoka chini, na vijidudu wanaoliwa na sambaza wanaongezeka. Mvuvi anayetaka mavuno afuate giza: mwezi ukiwaka sana, taa yake haivuti samaki. Usiku bila mwezi wanakusanyika chini ya taa, na wavu unainuliwa umejaa.

Lakini anayevua kwa chandarua cha mbu anajiibia mwenyewe. Leo anabeba vitoto visivyo na uzito, kesho anarudi mikono mitupu. Tukumbuke kwamba sambaza si wenyeji wa Kivu: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kilicholetwa kinaweza kuisha.

Rwanda hufunga uvuvi kwa muda ili samaki wazaane. Ziwa ni moja. Nasi tupatane siku za kulipumzisha. Katazo tupu halitoshi, maana mvuvi ana watoto wa kulisha: asaidiwe kupata nyavu zinazofaa. Na sisi wanunuzi, tukiona vitoto sokoni, tusinunue.