Tusikie Kwanza, Tubishane Nyuma



Mwezi wa 12 mwaka 1979, kundi la The Clash la London lilitoa «London Calling»: sahani mbili za muziki, nyimbo 19, kwa bei ya karibu sahani moja. Ile ilisaidia vijana wasio na pesa mingi. Lakini wapenzi wao wakabishana. Wengine wakasema: hii si punk tena, juu ya nini wanachanganya reggae na jazi?

Mimi naona hawa walikosa. Punk ilizaliwa juu ya kukataa kuamriwa. Sasa mpenzi naye anataka kuamuru wapiga gitaa? Kama wimbo haukupendezi, sema ni upi, toa na sababu. Kukataa sahani nzima bila kuisikia mpaka mwisho ni kelele tu.