Ugonjwa wa Mtoto si Hatia ya Mama



Katika mitaa yetu ya Eastlands, kutoka Kaloleni na Makongeni mpaka Jericho, Umoja na Kayole, habari ya mtoto mgonjwa haikai ndani ya chumba kimoja. Mtoto akizaliwa mzima, akacheka, akaanza kukaa, kisha akarudi nyuma asiweze tena kushika kichwa wala kumtazama mamaye, majirani huanza kunong'ona. Huyu husema karogwa. Yule husema ni laana ya upande wa mama. Mume naye, akisikia hayo kila jioni, mwisho huondoka. Sisi twasema maneno hayo ni ya uongo, na yafaa yakome.

Yako magonjwa ya namna hiyo ambayo asili yake yajulikana kabisa. Mojawapo huitwa Tay-Sachs, kwa majina ya madaktari wawili: Warren Tay wa London, aliyeeleza mwaka 1881 doa jekundu ndani ya jicho la mtoto, na Bernard Sachs wa New York, aliyeuandika ugonjwa wenyewe mwaka 1887.

Chembe za ubongo zina mafuta yaliyofungamana na sukari. Mafuta hayo hutengenezwa, huchakaa, kisha huvunjwa. Kazi ya kuvunja ni ya vimeng'enya, kila kimoja na zamu yake, kama mafundi katika karakana ya reli: huyu alegeza, huyu akata, huyu aondoa. Katika Tay-Sachs fundi mmoja, heksosaminidasi A, hayupo. Mafuta yazidi kuja, wala hakuna wa kuyakata. Yarundikana kama taka zisizochukuliwa na lori, mpaka chembe zavimba na kufa. Ndipo mtoto wa miezi 3 mpaka 6 huanza kushtuka kwa kila mlio, kisha macho hupofuka, degedege huja, na wengi hufariki kabla ya kupita miaka 5.

Sasa ndugu, sikilizeni vizuri. Mtoto hapati ugonjwa huu mpaka arithi kasoro kwa mama na kwa baba pia. Wao wenyewe ni wazima, hawana dalili yo yote. Katika kila mimba yao, nafasi ya mtoto kuugua ni 1 kwa 4. Hesabu hii ndiyo ile ile ya selimundu, ambayo ndugu zetu wa Nyanza, Magharibi na Pwani waijua sana. Basi mume amfukuzaye mkewe amfukuza kwa kosa gani?

Dawa ya kuponya Tay-Sachs haijapatikana. Lakini watu wakijipanga hawakosi la kufanya. Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki walipigwa sana na ugonjwa huu. Mwaka 1971, katika miji ya Baltimore na Washington huko Marekani, Daktari Michael Kaback na viongozi wa jamii hiyo walianza kuwapima damu watu wazima wenye kupenda. Baadaye idadi ya watoto wa Kiyahudi waliozaliwa na Tay-Sachs Marekani na Kanada ilipungua kwa zaidi ya 9 katika kila 10. Hawakupoteza wakati kutafuta mchawi.

Tay-Sachs ni nadra, lakini ina jamaa zake: Sandhoff, Krabbe, Gaucher. Kwa Gaucher iko dawa tangu mwaka 1991, kimeng'enya kitiwacho katika mshipa. Husaidia ini, wengu na damu, ingawa haifiki kwenye ubongo. Bei yake haishikiki kwa mshahara wetu.

Kwa hiyo twataka mambo mawili. Kwanza, siku za ugonjwa katika Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 ni za mfanya kazi mwenyewe akiugua. Mzazi ampelekaye mtoto hospitali kila juma humaliza likizo yake, kisha huchagua kati ya kazi na mtoto. Siku za mzazi wa namna hii ziandikwe katika mapatano yetu na waajiri.

Pili, tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima mpya ya afya, na sheria yake ya mwaka 2023 iliweka mfuko wa magonjwa sugu na mahututi. Magonjwa haya ya watoto yahesabiwe humo, vipimo na dawa.

Watakuwako watakaosema wagonjwa hao ni wachache mno. Twajibu: mfuko wa pamoja uliwekwa kwa ajili hiyo hasa. Gharama imvunjayo mtu mmoja, ikigawanywa kwa maelfu, ni senti kwa kila mtu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Chama cha wafanya kazi kipo ili tusiseme hivyo.

Kila tawi lijadili mambo haya mawili na kuleta jawabu lake katika mkutano ujao.