Kompyuta Iwe Chombo cha Somo

Hapana mzazi katika Visiwa hivi asiyependa mwanawe aijue kompyuta. Hamu hiyo ni njema na inastahiki kusikilizwa. Lakini kila lizungumzwapo suala la kompyuta maskulini, swali la mwanzo huwa ni mashine ngapi zitanunuliwa na skuli zipi zitapewa. Swali lililo kubwa zaidi huachwa nyuma: mtoto akishakaa mbele ya mashine hiyo, atajifunza nini?

Sisi tunasema kwamba katika skuli za msingi uandishi wa programu, yaani kazi ya kuipangia kompyuta maagizo hatua kwa hatua, usiongezwe kuwa somo jengine juu ya mzigo uliopo. Uingizwe ndani ya Hesabu, Sayansi na Kiswahili, uwe njia ya kuyafundisha masomo hayo kwa ubora zaidi.

Rai hii si ngeni duniani. Mwaka 1967, huko Marekani, Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, pamoja na wenzake Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon, waliunda lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto na kuiita Logo. Sifa yake kubwa ilikuja kuwa ni "kobe" anayechora mstari kila apitapo kwa amri ya mtoto. Akitaka mraba, mtoto huamuru: nenda mbele hatua 50, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara 4. Kisha mwalimu humtaka achore pembetatu yenye pande sawa. Mtoto aliyekariri kwamba kila pembe yake ni nyuzi 60 huamuru kobe ageuke nyuzi 60, arudie mara 3. Umbo halifungi, hutokea nusu ya umbo la pande sita. Hapo ndipo mtoto anapogundua kwamba kobe hugeuka kwa pembe ya nje, na kwamba mzunguko mzima wa nyuzi 360 ukigawiwa kwa 3 ni nyuzi 120. Kanuni aliyoitafuta mwenyewe kwa kukosea na kusahihisha haimtoki upesi.

Nasi tunayo mifano ya kwetu. Mtoto wa mvuvi wa Kojani au Nungwi hujua bamvua na maji mafu kabla ya kujua kusoma. Anajua pia kwamba maji yaliyojaa leo asubuhi, kesho yatachelewa. Mwalimu amwambie: maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, andika maagizo yatakayotoa saa ya maji kujaa kwa wiki nzima. Kwa kazi hiyo moja mtoto atajumlisha, atageuza dakika 60 kuwa saa, na ataandika Kiswahili kisicho na utata, kwani mashine haikisii alichokusudia mwandishi. Akilinganisha majibu yake na bahari yenyewe, ataona kwamba ucheleweshaji haulingani siku zote. Atauliza kwa nini, na swali hilo ndilo mlango wa somo la mwezi, jua na ardhi.

Hata hivyo, hatutaki kuwauzia wananchi matumaini matupu. Uingereza ilifanya majaribio ya mpango ulioitwa ScratchMaths, uliotumia programu ya Scratch kufundisha Hesabu kwa miaka miwili katika skuli za msingi zaidi ya 100. Ripoti ya mwaka 2018 ilionesha kwamba watoto waliendelea vyema katika kufikiri kwa mpangilio wa kikompyuta, lakini katika mtihani wa Hesabu wa kumalizia skuli ya msingi hawakuwashinda wenzao. Ilionekana pia kwamba skuli nyingi hazikuutekeleza mpango wote, khasa katika mwaka wa pili, walimu walipobanwa na maandalizi ya mtihani huo.

Wako watakaosema kwamba matokeo hayo yanatosha kuliacha jambo lenyewe. Sisi tunayasoma vyengine. Yanatufundisha kwamba faida ya Hesabu haiji yenyewe kwa sababu tu kompyuta imewashwa. Inataka somo lililoandikwa kwa shabaha maalumu, mwalimu aliyeandaliwa, na mtihani usiomlazimisha kuliweka somo hilo kando. Asiyetimiza masharti hayo asitarajie mavuno.

Masharti hayo hayaanzi na fedha nyingi. Huko New Zealand, Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury na wenzake wameonesha tangu miaka ya 1990 kwamba misingi ya kompyuta yaweza kufundishwa bila ya kompyuta. Kadi tano za karatasi zenye nukta 1, 2, 4, 8 na 16, kwa kufunuliwa na kufunikwa, hutoa kila namba kuanzia 0 hadi 31. Hilo ni somo zuri la kuzidisha kwa mbili. Hata yule kobe hahitaji umeme: mtoto mmoja awe kobe uwanjani, mwengine amuamuru, wa tatu achore mstari mchangani kwa kijiti. Darasa lenye wanafunzi wengi litaweza. Na sisi tuliokaa gizani Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 hatuhitaji kuambiwa kwamba somo linalotegemea umeme peke yake huweza kukatika.

Mashine zitakapofika, zitamkuta mtoto anajua kupanga maagizo, na mwalimu anajua shabaha ya somo. Scratch hutolewa bila ya malipo, huweza kutumiwa kwa Kiswahili, na ikishawekwa kwenye kompyuta haidai intaneti. Jirani zetu wa Kenya waliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu kwa skuli za msingi na sekondari mwaka 2022. Tusiwaige kwa pupa, wala tusikae tukitazama.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Kwanza, Taasisi ya Elimu Zanzibar iandike masomo machache ya mfano, kwa Kiswahili, yaliyofungamana na mada zilizomo katika mitaala ya Hesabu na Sayansi. Pili, vituo vya walimu vipewe kazi ya kuwaandaa walimu kabla ya ununuzi, na fungu la mafunzo lisiwe makombo ya fungu la mashine. Tatu, majaribio yaanze katika skuli chache za mjini na za shamba, Unguja na Pemba, pamoja na visiwa vidogo, na matokeo yake yatangazwe kwa wananchi, yawe mazuri au mabaya.

Mashine iliyofungiwa kabatini kwa sababu hapana mwalimu wa kuitumia ni fedha za umma zilizolala. Mwalimu aliyefunzwa hufundisha hata siku ambayo umeme haupo. Tunaomba bajeti ya elimu ipangwe kwa kuanza na huyo.